Mkia wa Mkanda wa Tano

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Mke wangu anajua, na ameshanisamehe. Ni siku niliyomzuia bibi mmoja wa Butembo mlangoni mwa lifti, mbele ya padri, mbele ya wageni, mbele ya mwanawe aliyekuwa ndiye mwenye jengo. Kaa nikueleze, maana naona siku hizi una kazi mikononi na majibu mengi mdomoni, kama nilivyokuwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kabla ya kuwa fundi wa lifti nilikuwa msukuma chukudu. Wewe umezaliwa mjini, unaziona zikipita na viazi, unadhani ni mbao tu zenye magurudumu mawili. Mimi nimeshuka nayo kutoka milima ya Masisi na mzigo mrefu kuliko mimi: mkaa, kabichi, siku moja kitanda kizima na mwenye kitanda amelala juu yake. Nusu ya kazi ile ni kusukuma, nusu ni kufunga. Tulifunga kwa mipira iliyochanwa kutoka kwenye tyubu za magari, tukivuta mpaka mbao ilie, na tukimaliza, ncha iliyobaki tuliikata. Ncha inayoning'inia hunaswa na gurudumu kwenye mteremko, na hapo wewe na viazi vyako mtafika mji wa Sake, kule chini, kabla ya chukudu. Kwetu aliyeacha ncha ndefu alichekwa kama mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga zipu.

Vita vilipoziba barabara za kwetu nilikimbilia Goma, nikampata fundi mmoja, Muzee Paluku, aliyejifunza kazi ya lifti Kampala. Alikuwa mtu mfupi, mpole, miwani yake imefungwa waya upande mmoja. Alinichukua baada ya kuniona nikifunga mzigo wa mbao sokoni. "Mikono yako iko bien, iko muzuri," aliniambia. "Kichwa, tutaona."

Mfanyabiashara mmoja wa Butembo alikuwa akijenga hoteli ya orofa tano karibu na ziwa. Watu walimcheka. Mizinga inasikika upande wa Sake, na yeye anajenga kwenda juu! Alijibu kwamba vita vikiisha watu watataka mahali pa kulala, na visipoisha watataka vilevile. Lakini lifti, au asanseri kama tunavyosema huku, aliitaka hasa kwa ajili ya mama yake, Koko Masika. Koko ndivyo tunavyowaita mabibi zetu. Magoti yake yalikuwa yamekataa ngazi, naye alikuwa ameapa kuwa hafi kabla hajaliona ziwa kutoka juu.

Sasa sikiliza vizuri. Lifti ile iliningʼinia kwa mikanda mitano bapa ya mpira mweusi, upana wa vidole vitatu, yenye nyuzi za chuma ndani. Kule juu kabisa ncha ya kila mkanda huingizwa ndani ya kikopo cha chuma, ikazungushwa kwenye kabari, ikatoka tena nje. Uzito wa lifti ukivuta, kabari inabana, na ukizidi kuvuta inazidi kubana. Lakini mkanda mpya huteleza kidogo kabla haujauzoea uzito. Kwa hiyo ile ncha inayotoka, tuliyoiita mkia, huachwa ndefu, ikashikwa kwa kibano cha chuma chenye skrubu mbili, ili hata mkanda ukiteleza usichomoke. Mkia ule haubebi kitu. Umekaa tu pale. Kwa macho ya msukuma chukudu ni uchafu.

Mikanda minne Muzee Paluku aliifunga mwenyewe, mimi nikimshikia taa. Wa tano aliniachia. "Funga, weka kibano, kisha uniite nione," alisema, akashuka kwenda kuangalia jenereta iliyokuwa imeharibika. Nilijiona nimekuwa fundi! Nilizungusha, nikagonga kabari, nikavuta, ikakaa vizuri ajabu. Kibano nilikuwa bado sijakiweka, mkia unaningʼinia mbele ya uso wangu, mrefu kama mkono wangu mzima.

Hapo simu ikalia. Alikuwa mama. Alikuwa amefika mtaa wa Majengo, pale pale Goma, kutoka Masisi pamoja na wadogo zangu, kwa miguu, na godoro na sufuria juu ya chukudu ya kuazima. Mpira uliovishwa gurudumu la mbele ulikuwa umebanduka, gurudumu limeanza kupasuka, na wamekwama katikati ya njia na watu wengine wakimbizi wakiwapita. Mwanangu, miezi minane sikuwa nimemwona mama yangu, wala sikujua kama yu hai. Sikufikiri. Nilishika mkasi wa kukatia chuma, nikakata ule mkia karibu kabisa na kikopo, vidole vinne tu vikabaki nje. Ulikuwa mpira mzuri kuliko wowote niliowahi kuona. Jioni ile ile nilikuwa Majengo nimepiga magoti, naupigilia misumari kwenye gurudumu, mama amesimama nyuma yangu analia na kucheka, na mimi najiona mwana bora wa Kivu nzima.

Kibano je? Hakikuwa na pa kushika tena. Nilikitia mfukoni.

Kabla sijaondoka Muzee aliniuliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. "Na kibano?" Nikasema tayari. Aliniamini. Jua lilikuwa linatua na kule juu hakukuonekana vizuri, akasema ataangalia kesho kabla ya kujaribu. Usiku ule nilitunga maneno ya kumwambia faraghani, yenye heshima na machozi kidogo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilidhani nitawahi mbele ya kilio.

Asubuhi nilifika mapema, nikakuta nimechelewa. Umeme ulikuwapo, nawe unajua umeme wa siku zile ulivyokuwa mgeni asiyekaa. Mwenye jengo alikuwa amesikia hodi yake akakusanya ukoo mzima. Padri alikuwa ameshanyunyiza maji ya baraka, wageni wamevaa nguo za Jumapili, na Koko Masika amesimama mlangoni na rozari yake, amevaa kikwembe kipya kinachonukia duka. Muzee Paluku alikuwa bado njiani. Fundi wa pekee pale nilikuwa mimi.

"Bahati, fungua mulango," mwenye jengo aliniambia. "Mama apande mbele ya umeme kukatika."

"Patroni, tungojee muzee," nikasema. "Kwetu mafundi, mwenye kufunga mikanda njo anapanda wa kwanza."

"Kwetu Butembo mutoto hatangulie mama yake!"

Watu wote wakacheka na kupiga makofi. Na ni kweli, mwanangu, ni adabu yetu hiyo, nami nimelelewa nayo. Kilichonitisha ni kwamba heshima yenyewe ndiyo iliyokuwa inampeleka yule mama ndani. Mtu mmoja akabonyeza kitufe, mlango ukafunguka, Koko akakusanya kikwembe chake, akainua mguu.

Maneno yangu yote ya heshima na machozi yalipotea. Nilipiga kelele tu.

"Koko, usiingie! Nilikata mukia!"

Hakuna aliyeelewa. Padri alinitazama kama mtu aliyepandwa na pepo. Basi nikatoa kibano mfukoni, nikakiinua juu wote wakione, nikasema yote: mkanda wa tano nilifunga mimi, mkia nikaukata, kibano hakipo mahali pake, na jana nilimdanganya muzee wangu.

Mwenye jengo alipandwa na hasira hata akasahau Kiswahili, akanitukana kwa Kinande, lugha ya kwao Butembo. Nilielewa vizuri tu. Lakini Koko alikuwa bado ameshika nguzo ya mlango, mguu mmoja hewani.

"Mutoto," aliniuliza, "hii kitu ingeanguka na mimi?"

"Sijue, Koko."

"Hata weye haujue?"

"Hapana, sijue."

Akaurudisha mguu chini polepole, akatafuta kiti, akaketi. "Basi mimi nakaa," akasema. "Mutuletee chai, hii sherehe ingali na mandazi." Na kweli, padri ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyafikia.

Muzee Paluku alipofika nilimwambia yote pale pale mlangoni. Alikata umeme, akapanda ngazi orofa zote tano, nami nyuma yake kama mbwa aliyeiba nyama. Kule juu alimulika taa kwenye kikopo cha tano. Vidole vinne nilivyoacha havikuwapo. Lifti ilikuwa imeningʼinia tupu usiku mmoja tu, na ncha ilikuwa imeshanywewa ndani mpaka ukabaki upana wa ukucha. Nilikaa chini.

"Labda ile mikanda ine ingeshika," nilisema, nikitafuta pa kujiegemeza.

"Labda," akajibu. "Lakini mimi sipandishake mutu na labda." Kisha akaniuliza mkia uko wapi.

"Inatembea Majengo, muzee. Iko kwa gurudumu ya chukudu ya mama."

Alivua miwani. Nilidhani atanipiga. Kumbe alikuwa anacheka, akacheka hata akashika ukuta, akafuta machozi kwa kiwiko. Halafu akaacha ghafla, akanitazama, na maneno yake ninayo mpaka leo. "Bahati, sikasirike sababu ulikata. Mama yako alikuwa njiani, na mimi niko na mama. Ungeniambia jana tu, ningekupatia mupira ya gurudumu na tungefunga upya. Lakini nilikuuliza kibano, ukanijibu tayari. Ile mukia njo ilikuwa inatupatia muda ya kuona kosa. Weye ulikata mukia, kisha ukakata na muda."

Kofi la mama yangu lilifuata jioni, alipoelezwa safari ya mpira wake. Moja tu, kisha akanipikia sombe, yaani kisamvu.

Mwenye jengo alitaka nifukuzwe siku ile ile. Muzee alimwambia kwamba atakayefunga upya ni yule yule aliyekata, ama watafute fundi mwingine, na fundi mwingine wa karibu alikuwa Kampala. Mkanda mpya nao ulipaswa kutoka huko huko, na kule Bunagana mpaka wa Uganda ulikuwa umefungwa kwa sababu ya mapigano. Tulingoja wiki tatu. Kila siku Koko alituma niitwe, ananiuliza mkanda wake uko wapi, namjibu bado uko Bunagana, naye anauliza huko wanaupa mishikaki gani hata usitake kuja. Siku moja nikaenda na mama yangu. Wakawa marafiki, yaani wawili sasa wa kunisema badala ya mmoja.

Mkanda ulipofika niliufunga mwenyewe. Nilivuta, nikagonga, nikaacha mkia mrefu kabisa, nikakaza kibano, nikamwita muzee. Alimulika taa, akakivuta kibano kwa vidole, kisha akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Nilipanda wa kwanza, peke yangu na mifuko minane ya simenti, juu na chini, juu na chini, nikimwomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Tukapima tena ncha. Hazikusogea.

Ikawa zamu ya Koko. Mwanawe alimpa mkono, akaukataa. Padri akaja mbele, Koko akamwambia asubiri. Akanionyesha mimi kwa kidole. Nilidhani ananitania. Niliingia naye, mlango ukafungwa, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikuzijua kwa mama mzee, na lifti ikaanza kupanda. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kwa nini kati ya watu wote amenichagua mimi niliyetaka kumwua.

"Ile siku," akasema, macho yake kwenye mlango, "batu bote balisema, 'Ingia, Koko.' Weye peke yako ulisema, 'Usiingie.' Sasa nipande na nani?"

Mlango ukafunguka, na ziwa lote lilikuwa pale.

Mwanangu, umri wangu wote nimefunga mikanda, na sijamwona fundi asiyekosea. Usiwaogope wanaokosea, na wewe mwenyewe utakosea, labda kesho. Ila ukishakata, sema. Sema siku ile ile, kabla mtu mwingine hajaweka mguu wake juu ya kosa lako, maana neno chungu usilomwambia mkubwa wako leo, kesho mtoto wa mtu ndiye atakayelilipia. Ukiulizwa kama ni tayari na si tayari, jibu si tayari, hata kama padri amesimama na wageni wanapiga makofi. Na kazi ya mtu aliyekutangulia usiipime kwa macho ya kazi uliyotoka nayo nyumbani. Usilolijua, uliza. Kuuliza si ujinga.

Nenda sasa, wanakungoja kazini. Mungu aibariki mikono yako, na aupe ulimi wako ushujaa kuliko mikono. Unachofunga na kishike. Na watakaopanda kwa kazi yako wapande wakiongea habari za nyumbani kwao, bila hata kukumbuka kwamba upo.