Madirisha ya Vioo vya Rangi

Tangu nistaafu, napenda kupiga picha madirisha ya vioo vya rangi. Kwetu Simiyu yapo machache, na mazuri kuliko yote ni ya kanisa letu hapa Bariadi. Kwa kuwa nilikuwa mzee wa kanisa, nilikuwa na ufunguo. Kila jioni niliingia peke yangu na simu yangu, nikangoja jua lishuke mpaka rangi nyekundu na bluu zitandae sakafuni. Nilimshukuru Mungu kwa macho aliyonipa.

Jumapili moja, baada ya ibada, mama mmoja wa kwaya alinisimamisha mlangoni mbele ya watu.

"Babu, kila siku unaangalia nini kwenye kioo?"

"Rangi, mayu," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Hata mganga wetu kule Migato anaangalia kioo. Ng'ombe wakipotea, anawaona humo humo. Wewe umemwona nani?"

Watu walicheka. Nami nilicheka, nikidhani ni utani.

Wiki iliyofuata wazee wenzangu waliniita. Hakuna aliyetamka neno uchawi. Walisema tu kwamba waumini wana hofu, hivyo nirudishe ufunguo na nipumzike kutoka kwenye utumishi. Nilipowaonyesha picha, waligeuza nyuso.

Nimesamehe, maana nimeamriwa kusamehe. Jumapili bado nasali pale, simu nikiiacha nyumbani. Jua la asubuhi likipenya kwenye vioo, rangi hutua kwenye benchi langu lote, kwa sababu hakuna anayetaka kukaa karibu nami.