Jino Lililomupatia Élysée Licence

Bandugu, mulishaona mutu anakukana, na vidole vyake viko ndani ya kinywa chako?

Mimi niliona. Na huyo mutu nilimuzaa mwenyewe.

Bengine mutasema huyu mama anatunga. Sawa. Kuja Butembo, nitakufungulia kinywa uangalie.

Mimi ni mujane. Masomo yangu iliishia ku primaire, nikaolewa. Bwana yangu alikufa wakati Élysée bado anavaa kaptula ya masomo. Mutoto mumoja tu, basi. Nililima maharagi, nikauza ku soko ya Kirumba, nikasali rozari, yeye akasoma. Akasoma mupaka akakuwa docteur wa meno.

Jina langu lilikuwa limekwisha zamani. Hapa Vulamba, mutaa wetu wa Butembo, ku soko, ku kanisa, mimi ni Mama Élysée. Na nililipenda hilo jina kuliko lile nilibatiziwa, Emérence.

Sasa sikieni vile ilikuwa.

Élysée alikuwa anafanya spécialisation ya kupasua kinywa na mataya, ku hospitali moja ya hapa kwetu. Kila siku anashona taya za batu ba risasi, taya za batu ba ajali ya pikipiki. Mais yote hiyo ni chini ya mukubwa wake. Licence ya kufanya meno peke yake, hana.

Siku moja nilimuuliza: “Donc unaweza kufungua taya ya mutu nzima, mais kungoa jino moja ku nyumba yako ni kosa?”

“Ndiyo, mama. Bila licence mimi ni mikono ya mutu mwingine.”

“Na benye kutunga hiyo sheria, bao meno yao iko muzima?”

Akacheka sana. Wakati ule alikuwa bado anacheka na mimi.

Ile licence hawaitoake kwa karatasi. Kila docteur anakuja na mugonjwa wake, mwenye jino la kupasua kweli kweli, anapasua mbele ya commission, badocteur bakubwa benye kupima. Hauna mugonjwa, hauna examen. Utangoja commission irudi, na kwa vita hii yetu, nani anajua itarudi lini?

Na kuna sheria moja: mugonjwa asikuwe ndugu yako.

Commission ikafika Beni. Eh, mungeona soko ya Beni ile juma! Badocteur bakawa banatafuta meno mabovu kama batu banatafuta mbuzi ya Noeli. “Mama, fungua kinywa kidogo.” “Tata, ile shavu inakuuma?” Mutu amekuja kununua makaa, anamulikwa taa mupaka ku koo.

Élysée alikuwa na wake tayari. Mama Maliro, wa Mangina. Jino lake la mwisho lilikuwa limelala ndani ya nyama ya ufizi, linamuuma hadi ku sikio. Jino zuri kwa examen. Élysée alimutunza yule mama kama yai.

Mimi nilimusindikiza Beni, kumupikia na kumuombea.

Asubuhi ya examen tuko tunangoja ku ngazi za hospitali. Pikipiki ikaingia. Nyuma yake, Mama Maliro, shavu limefungwa kitambaa. Mais mwenye kumuleta ni Siméon, docteur mwenzake na Élysée.

“Mama Maliro! Si tulipatana?”

“Hapana kasirika, Docteur. Wewe uliniambia nitafute pikipiki mwenyewe. Huyu alikuya kunikamata ku mulango.”

Siméon akatoa kofia, akacheka na meno yote. “Élysée, uliandika jina yako ku ile jino?”

Bakaingia.

Élysée akaikaa ku ngazi, akashika kichwa. Nikaanza kumutafutia neno la kumutuliza. Kisha akainua uso, akaniangalia.

Hakuangalia macho yangu. Aliangalia shavu.

Nilijua anatafuta nini.

Wakati alikuwa anasoma, alinipiga radio ya meno, ile picha ya kuonyesha ndani ya mufupa, ili ajifunze. Jino langu la mwisho, chini, upande wa kushoto, nalo limelala. Halijaniuma hata siku moja. Na siku ile aliniambia: “Mama, liache lilale. Liko juu ya mushipa wa ulimi. Mwenye kuligusa ni mujinga.”

“Mama,” akasema sasa.

“Nakusikia.”

“Ile jino yako.”

“Ulisema mwenye kuligusa ni mujinga.”

“Nilikuwa mwanafunzi.”

“Na sheria ya ndugu?”

“Hapa Beni nani anakujua? Leo hauko Mama Élysée. Uko Emérence, mukimbizi wa Mangina. Wewe nyamaza, mimi nitasema. Na mama, sikia muzuri: hapana piga kelele. Mugonjwa akilia, wananipa zéro.”

Hakuniuliza kama ninakubali. Alikuwa amesimama tayari, ananivuta mukono.

Nilivua rozari ku shingo nikaiweka mu mufuko.

Mu chumba kulikuwa badocteur batatu. Mukubwa wao ni Docteur Abdias, mwanaume wa mvi, miwani inaningʼinia ku kamba. Bakanilaza ku kiti. Élysée akainama juu yangu, nikaona kifungo kimoja cha blouse yake, lile koti la badocteur, kiko wazi. Mikono yangu ikaenda yenyewe. Nikakifunga.

Akanipiga sindano ya ganzi. Akaingiza pamba, akaingiza vidole viwili, akavuta shavu.

Docteur Abdias akasogea. “Huyu mama, munajuana?”

Élysée hakutoa vidole.

“Hapana, Docteur. Simujui. Ni mukimbizi mumoja. Nilimuokota ku soko.”

Nilimuokota. Kama nyanya imeanguka ku kitunga.

Ningetaka kujibu, ningejibu na nini? Kinywa kilikuwa chake.

Kisha kamashine kakaanza kulia.

Bandugu, ile ganzi haikukamata. Nilisikia ufizi unafunguka. Nilisikia mufupa unatobolewa, na harufu kama kwato ya mbuzi juu ya moto. Nikavumilia. Kisha chuma kikagusa mahali fulani, umeme ukatoka ku taya ukapiga ncha ya ulimi.

Mutu wa inje angeruka mupaka juu ku plafond.

Mimi nilikamata kiti. Nikaanza Salamu Maria ndani ya kichwa. Umeme tena. Nilifika ku “saa ya kufa kwetu” nikabaki palepale, saa ya kufa kwetu, saa ya kufa kwetu, sikuweza kupita.

“Mugonjwa anasikia maumivu?” Docteur Abdias akauliza.

“Hapana, Docteur. Angalia, hata hatikisike.”

Jino likatoka, vipande viwili. Bakamupa Élysée mukono. “Félicitations, Docteur!” Damu ilikuwa inashuka ku kidevu changu hadi ku kitenge. Élysée alikuwa anawasalimia. Mwenye kunipa kitambaa ni Docteur Abdias.

Hivyo ndivyo licence ilipatikana.

Nilingoja ganzi iishe. Haikuisha. Nusu ya ulimi ilibaki imekufa, pamoja na pembe ya mudomo. Chai ya moto inaniunguza, sijui. Mate inatoka ku upande, sijui, mupaka mutu anionyeshe na kidole. Ku misa nikipokea Ekaristi, ikikaa upande ule, sijui kama Yesu amefika ama hajafika.

Élysée akafungua cabinet yake ya kutunza meno hapa Vulamba, kibao kikubwa, jina lake juu. Nikaenda pale na ulimi wangu. Ku mulango nikakuta Séphora, binti mwenye Élysée alikuwa amemuchumbia. Hakunijua.

“Bonjour mama. Muko na rendez-vous? Docteur aliwapa saa?”

Sijajibu, Élysée akatoka. Akanipeleka nyuma, kando ya groupe électrogène, ile mashine ya umeme, mahali kelele inafunika maneno.

“Nilikuambia usikuje! Docteur Abdias anapitaka hapa. Akikuona tu, ananinyanganya licence. Unataka nirudi kuwa mikono ya batu?”

“Na ulimi wangu, Élysée?”

“Ni ulimi tu, mama. Kwani unaimba ku korali?”

Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, watu wasinione. Nilimuamini. Nilijiambia, Emérence, ficha uso, mutoto asipoteze kazi. Nikaacha hata kupita mu barabara ya cabinet yake.

Ndoa ikafika. Parrain, baba wa kusimamia ndoa, ni nani? Docteur Abdias.

Kwa hiyo kiti cha mama wa bwana-harusi akapewa Kavuo, dada ya marehemu bwana yangu. Alikuya kunitangazia mwenyewe, amevaa kitenge cha sherehe tayari.

“Shemeki, wewe utabakia na bale ba jikoni. Sahani zinaibiwaka, lazima mutu mwaminifu azichunge. Tena, usikasirike, mate yako ile, ku picha haitapendeza.”

“Élysée ndiye alikutuma?”

“Mimi ninajituma?”

Nikaenda jikoni. Nilikuwa nyuma ya sale, ile nyumba ya sherehe, naosha sahani, nasikiliza ndoa ya mutoto wangu kupitia dirisha, wakati mutu alikuya kunawa mikono. Miwani ku kamba.

Niligeuza uso haraka. Alikuwa ameniona.

“Mama Élysée,” akasema.

Sahani ikanianguka.

“Mimi ni Emérence.”

“Mama, hapana ogopa. Tangu siku ile ninajua. Mugonjwa gani anamufungia docteur kifungo?”

Nikaangalia mulango wa sale. Hakuna mutu.

“Munajua kwa nini tulikataza ndugu?” akaendelea. “Mutu wa inje, chuma kikigusa mushipa, anapiga kelele. Docteur anaacha. Ndugu ananyamaza, na docteur anaendelea. Muliminya kile kiti mupaka nikajua mushipa umekatika.”

“Mulijua, na licence mulimupatia.”

Akaangalia maji mu beseni. “Mukono wake ulikuwa muzuri. Na ni mutoto wa kwetu, nani atabaki kushona batu hapa? Mais nilimuita pembeni siku ile ile. Nikamuambia: huyu ni mama yako, mimi nimefunga macho, licence ni yako. Mulete kwangu mbio, ule mushipa bado tunaweza kuushona. Kisha akaniambia mulipona. Eti maombi yenu ndiyo iliwaponyesha.”

Maombi yangu.

“Na leo?” nikauliza.

Akanishika kidevu, akageuza uso wangu ku mwanga, akagusa mudomo. Sikusikia kitu. Akaachilia.

“Muda umepita, mama.”

Nilisimama pale, maji inachuruzika ku mikono.

Donc licence haikukuwa na hatari hata siku moja. Élysée alijua. Mukubwa wa commission alikuwa amemusamehe kabla hatujatoka Beni. Hakunificha kwa sababu ya licence. Alinificha kwa sababu mimi ni kazi yake ya kwanza, na kazi iliharibika, na hakutaka mutu aione.

Ulimi ulikuwa wa kupona. Aliuacha ufe ili jina lake lisichafuke.

Nikapangusa mikono.

Ndani, yule wa micro, mwenye kutangaza sherehe, akaita: “Mama wa bwana-harusi akuje kumulisha kijana wake!”

Kwetu tunafanyaka hivyo. Mama anakamata kipande cha nyama ya mbuzi na vidole vyake, anakitia mu kinywa cha kijana. Ni mara ya mwisho. Kutoka pale, bibi yake ndiye atamulisha.

Kavuo alikuwa amesimama, anapanga kitenge. Nikapita mbele yake, tabliye yangu ya jikoni bado nimeifunga kifuani.

“Shemeki! Jikoni ni kule!”

“Ikaa, Kavuo.”

Sijui aliona nini ku uso wangu. Aliikaa.

Élysée akaniona nakuja, uso ukageuka majivu. Akatupa jicho kwa Docteur Abdias. Docteur alikuwa anaangalia sahani yake.

Nikakamata nyama.

“Fungua,” nikamuambia.

Batu bote bananyanyua masimu, banapiga picha. Angefanya nini? Akafungua.

Nikatia nyama. Nikatia vidole viwili, chini, upande wa kushoto, mupaka nyuma kabisa, ku jino la mwisho. Sikuvitoa.

Yule wa micro akaninyooshea ile micro, anacheka. “Haya mama, tuambieni, huyu kijana na nyinyi munajuana?”

“Hapana,” nikasema. “Simujui. Ni docteur mumoja. Nilimuokota ku soko.”

Sale nzima ikapasuka na kicheko. Bamama bakapiga vigelegele. Balifikiri ni masihara ya mama mukwe. Séphora naye alicheka, masikini.

Nikaminya ule ufizi na kucha. Macho yake ikajaa maji. Nilisikia meno inataka kunifunga vidole, kisha ikakumbuka batu banaangalia.

Hakupiga kelele. Alijua: mugonjwa akilia, ni zéro.

Nikavitoa, nikapangusa ku shati yake nyeupe ya ndoa, nikarudi ku sahani zangu.

Padiri aliniuliza ku ungamo kama nilisema uongo mbele ya batu. Nikamuambia: “Padiri, mwenye nilizaa ninamujua. Mwenye aliketi pale, simujui.” Akanipa baraka.

Sasa hapa Vulamba ninawaambia baniite Emérence. Bengine wanasahau, sijibu mupaka wakumbuke.

Kila juma, Siku ya Mungu, Élysée anapitaka na gari, anasimama inje ya lupango yangu. “Mama! Mama, nifungulie!”

Ninachungulia kwa tundu la mulango.

“Bonjour Docteur. Muko na rendez-vous?”

Bamama benzangu, mimi sikusoma sana, hili nililipata mu kile kiti. Ikiuma, pigeni kelele. Hata mwenye kushika chuma akiwa mutoto wenu. Yeye ndiye hasa. Mimi nilinyamaza kwa kumupenda, na yeye, kwa sababu sikulia, aliendelea kukata.