Wigi Iliyojaza Hema

Sitawaficha, wenzangu: kuna watu hapa Noonkopir wasiojua jina langu wala kazi yangu, lakini kichwa changu wanakijua vizuri, na mimi mwenyewe ndiye niliyewaonyesha.

Siku hiyo maafisa wa bajeti walikuwa wametoka Kajiado kuja kusikiliza maoni ya wananchi, nami, katibu wa kamati ya afya ya mtaa, nilikuwa nimeandaa takwimu za akina mama wanaojifungulia njiani kwa sababu zahanati yetu haina chumba cha kujifungulia. Michoro ilikuwa ya rangi, projekta niliiazima kanisani, na ili nami nifanane na michoro yangu nikaamua kuvaa wigi, ile ndefu ya Krismasi, bila kuibana kwa pini (jua lilikuwa kali, na kichwa cha mwanamke wa umri wangu kina joto lake binafsi).

Hemani mlikuwa na viti vingi na watu wachache. Afisa mmoja akavitazama viti, kisha akanitazama mimi. "Madam, wananchi wako wapi? Tutasema aje kwamba jamii ndiyo imeomba?"

Wakati huohuo akaingia Mzee Sironka, anayeheshimiwa na wafugaji wote wa Kimaasai wa upande wetu, nikaona nimpokee kama mabinti zake wanavyompokea: nikainamisha kichwa ili akiguse. (Mimi ni mzaliwa wa Nyeri, kwetu tunashikana mikono na kuulizana bei ya maziwa.)

"Takwenya," akanisalimu, akaniwekea kiganja utosini.

"Iko," nikaitika, nikainuka. Wigi haikuinuka nami. Ilikuwa imenaswa na bangili yake ya shanga, na mzee, ambaye macho yake yamefifia, akashtuka kuona kitu chenye manyoya kikimning'inia, akakung'uta mkono kwa nguvu za ujana, nayo ikaruka ikatua kwenye lenzi ya projekta. Takwimu zangu zote zikaingia gizani, nami nimesimama mbele ya serikali na matuta niliyosuka sikumbuki lini.

"Uui! Nimeng'oa kichwa ya mtoto wa watu!" mzee akalia.

"Hapana, Mzee, ni nywele tu," jirani yangu Mama Naserian akamtuliza. "Na sio zake. Alinunua."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi sokoni. Wakaja wauza nyanya, wakaja wenye bodaboda, wakaja akina mama na watoto mgongoni, kila mmoja akiuliza ni nani huyo aliyeng'olewa, hata hema likafurika. Mimi nilikuwa tayari nimeshika mkoba wangu niondoke. Mama Naserian akanizuia, akafungua leso yake, akanifunga kichwani.

"Unaenda wapi na umati imekuja? Binti yangu Naserian alizaa wa kwanza kando ya barabara, na sasa iko na mimba ingine. Ongea!"

Nikaongea. Wigi iliondolewa kwa kijiti (hakuna aliyekubali kuigusa), michoro ikarudi, na afisa alipouliza ni akina nani wanaotaka chumba hicho, mikono ikainuka hema zima, wa kwanza ukiwa ule wenye bangili.

Kuta za chumba sasa zimefika kwenye linta, juu ya milango. Wigi sijaivaa tena, wala sitaivaa palipo na shanga. Na Mzee Sironka bado tunasalimiana vilevile, ila siku hizi nikiinama, kiganja chake husita kwanza hewani.

"Leo ni zako?" huniuliza.

"Ni zangu, baba."

Ndipo hunibariki.