Mkono Uliokatika Kwenye Kioo

Siku yangu ya kwanza kwenye kituo cha watoto viziwi pale Kasongo nilitokea Kabambare, ambako kazi yangu ilikuwa kutengeneza fonie, zile redio za kuitana kutoka kituo hadi kituo. Kompyuta nilikuwa nimejifunza baadaye, polepole. Direkta wa kituo hakuniuliza vyeti. Alinipeleka moja kwa moja mbele ya kioo cha mashine, ambako Mwalimu Zaina, kiziwi mwenyewe, alikuwa akichezesha video ya somo lake.

Zaina alifundisha kwa ishara za mikono. Alikuwa peke yake kwa madarasa mawili, kwa hiyo alirekodi masomo ili darasa moja liangalie wakati yeye yuko na lingine. Lakini kila mkono ulipokwenda mbio, picha ilikatika: vidole vilikwisha fika kidevuni, kifundo cha mkono bado kiko kifuani. Watoto walisoma ishara ambayo hakuna mtu aliyeifanya.

Zaina akanitazama, akasema kwa mikono. Direkta akatafsiri huku akicheka. "Anauliza, Papa, ni wewe unakata watu mikono?"

"Mimi nimefika leo."

"Anasema, basi anza leo. Kama haiponi, atarudia chaki, na darasa la pili litakaa bure."

Niwaeleze, wadogo zangu mnaoanza ufundi, ugonjwa wenyewe. Mashine zetu zilitumia mfumo wa jamii ya Unix. Humo kuna programu inayosimamia madirisha ya kwenye kioo, nasi tunaiita msimamizi: inayapa fremu, inayasogeza, inayafunga. Msimamizi wetu wa zamani aliacha kila programu ichore moja kwa moja kwenye kioo. Picha ikitolewa kabla uchoraji haujaisha, juu unaona tendo jipya, chini lile lililopita. Dawa ni msimamizi anayeunganisha: kila dirisha linachorwa kwanza pembeni, ndani ya kumbukumbu ya mashine, kisha yeye anayakusanya yote na kuyatoa mara moja, picha ikiwa nzima.

Kumweka si kazi. Kazi ni kumzoesha nyumba. Wasimamizi wawili hawakai pamoja. Wa pili hukataliwa. Basi nilimtoa wa zamani katika maagizo yanayosomwa mtu anapofungua mashine, nikamwandika mpya, na baada yake ule ukanda wa vitufe wa chini, maana unamtegemea. Wa zamani sikumfuta. Nilimweka akiba, ili mpya akishindwa mtoto asibaki mbele ya kioo cheusi. Nanyi msione haya kuweka akiba. Hata fundi mzuri huweka.

Kesho yake Direkta alikuta msimamizi mpya ameyapa madirisha vivuli, tena yanaonyesha kilicho nyuma yake kama chandarua. Alifurahi sana. "Hii sasa iko muzuri. Wageni wakija, nitawaonyesha."

Lakini mashine zilikuwa zimechoka, na urembo ule ulizilemea. Mkono haukukatika tena, ila ulikwenda kwa kurukaruka, na ishara ikapotea njiani.

"Direkta, tuondoe vivuli."

"Hata kimoja hauniachii?"

"Hata kimoja."

Akamwangalia Zaina. Zaina alinyoosha mkono, akachukua chaki mezani.

Direkta akashusha pumzi. "Ondoa. Wageni wataangalia watoto."

Nikazima vivuli, nikazima chandarua, nikabakiza kuunganisha peke yake. Zaina akalichezesha somo upya. Mkono ukapanda kutoka kifuani hadi kidevuni, mzima. Watoto wakaanza kuijibu video, mmoja hata akabishana nayo. Zaina akairudisha chaki ndani ya kopo lake.

Baadaye kazi hiyohiyo niliifanya Kabambare na Wamaza, mashine zikifungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki. Sasa nimestaafu, na nyaya nimewaachia wenye macho makali.

Viziwi hawaiti mtu kwa herufi za jina lake; humpa ishara yake. Yangu niliipata siku ile ya kwanza: ubavu wa kiganja unapita juu ya kifundo cha mkono, kama panga. Nilidhani nikiisha kutengeneza wataibadilisha. Hawakuibadilisha. Watoto wale leo ni washonaji na wenye maduka, na nikipita sokoni Kasongo, katikati ya kelele zote, mtu wa ng'ambo ya pili ananikata mkono kutoka mbali. Nami nasimama, maana nimeitwa.