Nilimwambia mgonjwa wa Kariakoo yuko salama kumbe kompyuta niliilisha picha moja mara mbili

Wakuu, poleni na majukumu. Hii sijawahi kuiandika popote. Ni kweli tupu, majina tu nimebadili.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mtafiti kijana, naishi Mchafukoge. Kazi yangu watu waliiona ya kichaa: kuifundisha kompyuta kulinganisha picha za eksirei.

Vijana wa leo mnascan tu. Sisi tulichora miraba juu ya filamu, tunapima mwanga wa kila mraba, tunatoboa namba kwenye kadi za kulisha kompyuta. Filamu moja, kasha zima la kadi. Kompyuta yenyewe ilikuwa kwenye ofisi moja pale Posta, na zamu unaisubiri wiki.

Sasa kulikuwa na Mama Ndeshi, Mchaga, muuza vitenge wa jumla Kariakoo. Alinilea kama mwanawe. Eksirei yake ilionyesha kivuli kwenye pafu. Baada ya miezi kadhaa akapigwa ya pili, daktari akasema kimekua, Jumatatu apasuliwe.

Aliogopa kisu kuliko kifo. Akaniomba nipime filamu zake.

Alhamisi nikapata zamu. Printi ikatoka: tofauti sifuri. Kivuli hakijakua hata kidogo!

Wakuu, nilikimbia kwa miguu kutoka Posta mpaka dukani kwake. Hata kwa daktari sikupita.

"Mama, hakijakua! Mashine imesema."

Alilia. Akasema basi hapasuliwi, Jumamosi anapanda basi kwenda kupumzika kwao Moshi.

Jumamosi asubuhi nikarudi ofisini kuchukua kadi zangu. Kasha la filamu ya kwanza, sawa. Nikanyanyua la pili.

Kamba yake ilikuwa haijafunguliwa.

Nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa nimempa opereta kasha lile lile mara mbili. Kompyuta ililinganisha picha na yenyewe. Sifuri ingekosaje kutoka?

Opereta, Bi Zuhura, mama wa hapa hapa mjini, aliniona jasho linanitoka.

"Una nini wewe?"

Nikamweleza. Akasema, "Mashine nitakupa saa saba. Sasa hivi kimbia stendi."

Nikaenda mbio. Nakiri, njiani shetani aliniambia: subiri upime kwanza, huenda jibu likawa lile lile, aibu ya nini?

Basi lilikuwa linanguruma, mizigo ishafungwa juu. Nikamkuta kiti cha dirishani.

"Shikamoo mama. Shuka, tafadhali. Nilikosea."

Akanitazama. "Kwa hiyo kimekua?"

"Sijui."

"Juzi ulijua, leo hujui?"

"Hata juzi sikujua, mama. Nilidhani najua."

Basi zima likatugeukia. Kondakta akapiga kelele tunamchelewesha. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Ndeshi akamwambia kondakta, "Nishushie mzigo wangu."

Saa saba tukarudia, yeye amekaa pembeni kwenye stuli. Safari hii tofauti ilitoka. Kivuli kilikuwa kimekua, daktari alikuwa sahihi.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Twende ukamweleze daktari, na usinifiche kitu."

Jumatatu akapasuliwa. Wakatoa uvimbe, daktari akasema tungechelewa ungesambaa. Aliishi miaka mingi, akazika hata mumewe.

Siku moja dukani, anakata kitenge, aliniuliza bila kuinua macho: "Ungenyamaza, nani angejua?"

Nikamshikia ncha ya kitenge, akaendelea kukata.

Nilichojifunza: mashine haikudanganya, ilijibu nilichoiuliza. Mwongo nilikuwa mimi na haraka yangu ya kupeleka habari njema. Ukikosea, mfuate mtu kabla basi halijaondoka, hata kama huna jibu jipya mkononi.

Wenye kazi za maabara, mahospitali, IT: ushawahi kumpa mtu jibu ukagundua umekosea? Ulimwambia? Shusheni hapa, nasoma zote.