Alicheza Msiba Wangu Jukwaani, Sasa Ameniletea Isale

Habari admin, na habari zenu wote mtakaosoma hapa. Jina langu naomba lisionekane, maana Arusha ni ndogo na mama yangu ana marafiki wengi wenye simu. Nina miaka thelathini na moja, Mchaga niliyekulia Kimandolu. Mchana namsaidia mama dukani kwake, tunauza vitenge. Jioni nacheza dansi ya kisasa, ile ambayo mjomba wangu akiiona anauliza kama nimeanguka au nimepandisha mashetani. Kuchekwa nimeshazoea. Hili lililonipata ndilo limenishinda.

Mwaka juzi alikuja mwalimu wa dansi, nitamwita K. Ni mweusi kama sisi, ila amezaliwa kisiwani huko Karibiani, ambako mababu zake walipelekwa utumwani. Alikodi ukumbi Sakina nyuma ya gereji, tukawa tunafanya mazoezi huku mafundi wanagonga mabati. Amesoma falsafa. Alitufundisha kwamba kwetu mtu hawi mtu peke yake, na kwamba mwili unatunza yale ambayo hayakuandikwa popote. Alisema wazee wake walinyang'anywa lugha na majina, lakini miguu haikusahau. Mimi niliyesimangwa miaka yote kwamba nacheza mambo ya Wazungu, nilimsikiliza mpaka machozi yakanitoka. Nikampenda, sitawadanganya.

Nikapata ujauzito. K. akaja nyumbani kujitambulisha, akampa mama shikamoo yake vizuri kabisa, mama akaanza kumwita mkwe. Siku hiyohiyo mama alinitolea kitenge cha bluu dukani akasema, "Hiki ni mbeleko ya mjukuu wangu. Nisikuone umekishonea gauni." Mimba ikatoka ikiwa bado changa. Kwa mimba ya umri ule hakuna turubai wala mchungaji. Watu waliniambia pole, wewe bado kijana, utapata mwingine.

Nilichobaki nacho ni kile kitenge. Mchana mmoja pale ukumbini, tukiwa mimi na K. tu, nilikifunga mgongoni hivyohivyo hakina kitu, nikaanza kucheza. Nainama kama ninayempandisha mtoto, napapasa nyuma, sikuti mtu. Nakaza fundo, napapasa tena. Mwishoni nakifungua na kukikung'uta taratibu, kama mtu anayekung'uta makombo ya chakula. K. alilia akakaa chini. Nikamwambia, "Hii siyo ya watu. Ni ya mtoto wetu." Akajibu, "Nimeelewa."

Baadaye akasafiri kikazi Ulaya. Siku moja rafiki yangu akanitumia video, kaandika hongera, kazi ya shemeji imependwa. Nikafungua. Mwanamke nisiyemjua amefunga kitenge cha bluu, anainama, anapapasa mgongoni, anakung'uta. Kisha K. anaelezea kwamba yule ni Afrika anawatafuta watoto wake waliouzwa ng'ambo, na ukumbi mzima umesimama unapiga makofi. Nilikuwa dukani wakati huo, mteja ananiuliza kama kitenge kinachuja rangi, nami simsikii.

Nilimpigia palepale. Akaniambia, "Hakuna mtu anayemiliki mwendo. Tulikubaliana hivyo tangu mwanzo. Leo unasema yangu, yangu, kama nani?"

Nikamuuliza, "Sasa mbona kwenye tangazo la onyesho kuna jina lako peke yako?"

Akasema neno ambalo mpaka leo linanikosesha raha. "Hata mimi nilifiwa. Ukoo wetu wote ni watoto waliopotea wasiojulikana walipozikwa. Huyu wangu ningemlilia wapi?"

Nikakata simu nikalilia kwenye majora ya vitambaa. Inaniuma zaidi kwa sababu naamini hakudanganya.

Sasa amerudi. Jumapili iliyopita mimi na mama tulipotoka kanisani tulimkuta getini nyumbani na mzee jirani yetu, kashika isale. Kwa msiojua, isale ni lile jani refu tunalopanda kwenye mipaka ya mashamba. Mchaga akikuletea kuomba msamaha, hukatai, hata kama alikuchomea nyumba. Na aliyemfundisha K. habari za isale ni mimi, siku tulipokwenda kwetu Machame akaniuliza ule mmea ni wa nini. Alilishika kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, vilevile nilivyomwonyesha. Nilipomwangalia nikamkumbuka yule mwanamke wa kwenye video. Sikujua kama anaomba msamaha au anacheza.

Nilikimbilia jikoni, mama akalipokea. Jioni akaniambia, "Mambo yenu ya ukumbini mimi siyajui, mwanangu. Ila isale halikataliwi. Ukilikataa, kosa linahamia kwako."

K. anataka tufunge ndoa. Anataka pia niicheze ile dansi mwenyewe hapa Arusha, na safari hii jina langu litangulie. Nimejaribu kuicheza chumbani. Yule mwanamke akishapapasa huwa anaangalia juu. Mimi sikuwahi kuangalia juu. Siku hizi nikifunga kile kitenge, najikuta naangalia juu kama yeye, na ya kwangu siikumbuki tena vizuri. Mtoto wangu hana kaburi. Ile dansi ndiyo ilikuwa kaburi lake, na sasa kila nikienda nakuta watu wamesimama juu yake.

Jamani, hasa mlio Wachaga na mliowahi kufiwa na mtoto ambaye hakuhesabiwa, nisaidieni. Isale lililoletwa na mtu niliyemfundisha mwenyewe kulileta, linanifunga? Nimsamehe niolewe naye, au nimrudishie jani lake? Liko kabatini kwenye glasi, bado bichi. Mama analibadilishia maji kila asubuhi, halafu ananiangalia.