Tangi Mpaka Shingoni

Siku fundi wa magari alipomwona mara ya kwanza pale gereji, yule mshonaji alishuka kwenye gari na futi ya kupimia nguo shingoni, mkononi kashika kifuniko cha tangi la mafuta kwa uangalifu, kama aliyebeba yai. Ndani ya kifuniko, pale ambapo mpira ulikuwa umechanika, alikuwa ameshonea duara la kitambaa cha koti la mvua. Mishono ilikuwa midogo na imenyooka, kazi safi kabisa.

"Kituo cha mafuta wameniambia mvuke unatoroka hapa, ndiyo maana taa ya injini inawaka," alisema. "Nikaona nisikae bure. Nimeshona, nimefumua, nimeshona tena. Taa haina adabu, fundi."

Fundi alitaka kucheka, akaishia kuinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa haya tangu utotoni.  "Petroli inakula kitambaa, mama," alisema hatimaye.

"Mama! Kwani nimekuzaa lini, na hizo mvi zako? Niite dada."

Mpiga rangi, aliyekuwa akisugua mlango wa gari jirani, alicheka mpaka msasa ukamdondoka.

Kwenye kiti cha mbele alikaa mume wa mshonaji. Alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa kifua, lakini sasa figo zilikuwa zimemmaliza na shati linamwelea. Mkewe alikuwa akimpeleka kusafishwa damu katika hospitali iliyokuwa upande wa pili wa mji. Magari ya abiria yalimtikisa akatapika njia nzima. Katika hili lao alilala, kiti kimeshushwa na mto umewekwa chini ya shingo. Na siku ya ukaguzi wa gari ilikuwa inakaribia. Gari lenye taa ya injini inayowaka halikupewa stika, na gari lisilo na stika trafiki walilivuta. Taa ile isipozima, mgonjwa hana usafiri.

Fundi akafunga kifuniko kipya, akachomeka mashine ya kupimia, akafuta kosa. Taa ikazima. Mshonaji akamshukuru kwa maneno mengi, naye akajibu kwa kufuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi.

Juma halikuisha, gari likarudi.

"Mchumba wako huyo," mpiga rangi akanong'ona kwa sauti ya kusikika gereji nzima. "Angalia kama kaja na posa."

"Nimekuja na taa," mshonaji akamjibu. "Posa nitakuletea wewe, ukishaoga."

Fundi akaingia kazini. Petroli hutoa mvuke hata gari likiwa limesimama. Mvuke huo hupita kwenye mipira mpaka kwenye kopo lililojaa mkaa. Mkaa unaunywa na kuuhifadhi, kisha injini inauvuta na kuuchoma. Pakivuja popote, au kopo likiharibika, taa huwaka. Akapuliza moshi kwenye mipira kwa kifaa cha bati alichojitengenezea mwenyewe, akamulika kila kiungo. Hakuna moshi uliotoka, hata kidogo. Ndipo akajilaza chini ya gari na kulifungua lile kopo. Lilikuwa zito kama tofali. Alipoliinamisha, petroli ikachuruzika hadi kwenye kiwiko.

Akabaki amelala pale chini, analitazama. Mkaa ule ni wa kunywa mvuke, si mafuta yenyewe. Na kwa gari hili, mafuta yangefika huko kwa njia moja tu: bomba la kituoni likishajikata lenyewe tangi limejaa, mtu aendelee kulibana.

"Nani anajaza mafuta?" akauliza alipotoka.

"Mimi," mgonjwa akajibu kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa bado ya mtu wa malori. "Hawa vijana wa kituoni bomba likikata wanakimbia. Mimi najaza mpaka nayaona yamefika shingoni. Nimekata majangwa, fundi, na sijawahi kulala njiani kwa kukosa mafuta. Muulize huyu."

"Mzee, likishakata... inatosha."

"Inatosha kumfikisha nani?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Mshonaji akamvuta fundi nyuma ya matairi makuukuu. Aliikunja futi yake, akaikunjua.

"Usimwambie tena," alisema. "Kijiko namshikia mimi. Vifungo namfunga mimi. Chooni nampeleka mimi. Kituoni tu ndipo anaposhuka mwenyewe. Ananiambia, 'Bibie, kaa ndani, hii si kazi ya cherehani.' Anaegemea gari, anashika bomba, anasimama. Hilo nalo nimnyang'anye?"

"Taa itarudi, dada."

"Basi utaizima."

"Na ukaguzi?"

"Utaizima asubuhi ya ukaguzi."

 Fundi alilianika kopo juu ya bati, juani. Likapungua uzito, lakini mkaa ukishalowa haurudi ulivyokuwa. Taa ikawa inawaka, anaizima, inawaka. Asubuhi ya ukaguzi akafuta kosa kama walivyokubaliana. Mashine ya wakaguzi ikaona kwamba kumbukumbu ya gari imefutwa saa ileile, na gari halijapata nafasi ya kujipima upya. Wakalikataa. Tangu hapo mshonaji akawa anapita vichochoroni kukwepa trafiki, mgonjwa akirushwa na mashimo, mto ukidondoka miguuni.

Fundi akazunguka kwa wauza vyuma chakavu mpaka akapata kopo zima, la gari lililogongwa nyuma. Alilifunga bila kumwambia mtu limemgharimu nini. Hakuwa na matumaini nalo. Alijua bomba litabanwa, na mkaa huu nao utakunywa ushibe ufe.

Lakini taa haikuwaka. Ukaguzi ukapita. Stika ikabandikwa kiooni. Mpiga rangi akapiga makofi, fundi hakupiga. Alikuwa amemwona mgonjwa siku hiyo: hakugeuza hata shingo. Kituoni alikuwa hashuki tena. Kijana wa zamu alijaza, bomba likikata anachomoa.

Wakamzika kabla stika haijaanza kupauka.

Mshonaji alikuja gereji mara moja tu baada ya hapo, peke yake, futi haipo shingoni. Kiti cha mbele kilikuwa bado kimeshushwa, mto juu yake. Alisema anahamia kwa dada yake, mbali, na safari ni ndefu. Fundi aliangalie gari. Fundi akaangalia breki, maji, mikanda. Akawasha. Taa zote zikajionyesha, zikazima, na ile ya injini ikazima pamoja na nyingine.

"Liko vizuri, dada," alisema, macho kwenye usukani.

"Nimepita kujaza mafuta," mshonaji alisema. "Bomba lilipokata nikajaribu kubana kama yeye. Nikaogopa, nikaachia."

 Mpiga rangi akaacha kusugua.  Fundi akashuka, akamshikia mlango.

Mshonaji akaingia, akafunga mkanda, akakaa akiitazama dashibodi.

"Taa haijawaka tena, fundi," alisema. "Kila asubuhi naiangalia."